Mashine ya boti inapochemsha: dhana za mwaloni na ukweli wake

Katika mialo ya Kibirizi, Ujiji na Katonga, kwenye Ziwa Tanganyika huko Kigoma, mashine ya boti ikichemsha kila aliyepo huwa na tiba yake, na baadhi ya tiba hizo huiumiza mashine kuliko joto lenyewe. Jambo hili ni zito, kwa sababu mashine inayonoki usiku huwaacha wavuvi wakisukumwa na upepo juu ya ziwa ambalo kina chake hufika takribani mita 1,470, mahali ambapo hakuna nanga inayogusa chini.

Wengi huamini kwamba maji ya Ziwa Tanganyika, kwa kuwa hayana chumvi kali kama ya bahari, hayawezi kuifanya mashine ichemshe. Ukweli ni kwamba maji hayaisaidii mashine yasipopita ndani yake. Huingia kwa matundu yaliyo juu kidogo ya propela, husukumwa na impela, yaani gurudumu dogo la raba linalozungushwa na shafti, hupanda kwa bomba jembamba hadi kwenye silinda, kisha mengi yake hutoka pamoja na moshi. Mchanga unaovutwa kila boti inapowashwa karibu na ufuko huisaga raba hiyo taratibu, nao mfuko wa plastiki au kipande cha wavu kikiziba matundu, safari ya maji huishia hapo hapo.

Dhana inayonisumbua zaidi inahusu uzi wa maji unaorushwa nyuma ya mashine. Manahodha wengi huutazama kama hukumu ya mwisho: ukiwapo, mashine ni nzima; ukikatika, pampu imekufa. Uzi huo ni sehemu ndogo tu ya maji yanayozunguka, na katika mashine nyingi unaweza kutoka kwa nguvu hata thamostati, kifaa kinachoyafungulia maji njia kulingana na joto, ikiwa imekwama, huku silinda zikiungua. Kinyume chake, tundu lake huzibwa na mchanga au tope la nyigu wakati mashine imekaa nchi kavu, hali pampu inafanya kazi vizuri. Kwa hiyo, uzi ukipotea, zima mashine kwanza, iinue ili propela itoke majini, kagua matundu ya kuingizia maji, kisha pitisha waya laini kwenye tundu la kutolea. Uzi ukiendelea kukosekana baada ya hayo, ndipo pampu ifunguliwe.

Wapo wanaoondoa thamostati kabisa wakidhani wameondoa tatizo. Kifaa hicho hufunguka maji yanapofikia joto fulani, katika mashine nyingi kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi, na bila hicho mashine hukimbia ikiwa baridi mno, petroli haiungui vizuri na plagi hujaa masizi. Ni afadhali kuipima: itumbukize kwenye sufuria ya maji, pasha moto polepole, na isipofunguka, nunua nyingine.

Kuimwagia maji ya ziwa mashine inayotoa mvuke ni kosa jingine, kwa kuwa chuma cha moto kinachopozwa ghafla hupinda au kupasuka. Iache ipoe yenyewe. Vivyo hivyo, kuongeza oili kwenye petroli hakuponyi uhaba wa maji. Pale ambapo mwongozo unataka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, lita 20 zinahitaji mililita 400, na zaidi ya hapo ni kuongeza moshi na masizi. Kupunguza ili kubana matumizi ni kubaya zaidi.

Mafundi nao wana dhana yao, kwamba kuiwasha mashine nchi kavu kwa dakika moja hakudhuru. Impela hupata ulainisho wake kutoka kwenye maji yenyewe, na ikizunguka kavu huanza kuungua baada ya sekunde chache. Tumia pipa lenye maji yanayofunika matundu na pampu. Na ukiifungua pampu ukakuta impela imepoteza mapezi, usifunge mpya kabla ya kuvipata vipande vyote vilivyokatika, kwa kuwa vimekwisha kupanda na maji, na ndivyo vitakavyoziba njia karibu na silinda wakati boti iko mbali na Kibirizi.