Je, wajua kwa nini joto lilelile huua mtaa mmoja na kuuacha wa jirani?

Julai 1995 joto la Chicago, Marekani, lilifika nyuzi 41, na kwa siku chache vifo vilizidi kawaida kwa watu wapatao 739. Mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale, ilikuwa na wazee maskini wanaoishi peke yao kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa kila watu 100,000, wa kwanza ulipoteza 40, wa pili hawakufika hata 4. South Lawndale kulikuwa na maduka na pilikapilika, kwa hiyo mzee alikuwa na pa kwenda. North Lawndale kulikuwa na viwanja vitupu na hofu ya wahalifu, na wengi walijifungia ndani.

Ndiyo maana kupima hatari ya joto hakuishii kwenye takwimu za kituo cha hali ya hewa. Kipimajoto cha kituo hukaa kivulini, kwenye uwazi unaopita upepo. Hakuna anayelala pale.

Anza na vyumba vyenyewe. Kwa kila aina ya nyumba chagua walau tatu, utundike kipimajoto usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, mbali na ukuta, dirisha na jiko. Soma saa tisa alasiri, saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Wengi husoma alasiri tu, wakapotea. Chumba cha bati kisicho na dari huwaka mchana, lakini hupoa upesi jua likizama. Nyumba ya matofali ya saruji hunywa joto kutwa nzima, kisha hulitapika usiku, na madirisha yamefungwa kwa kuhofia wezi. Moyo usiopata nafuu usiku huamkia siku ya pili ukiwa umechoka tayari.

Pwani, ongeza kipimajoto cha pili. Vika ncha yake kitambaa cha pamba kilicholowa, ukipepee dakika chache hadi namba itulie. Kikisoma karibu sawa na kile kikavu, hewa imejaa unyevu na jasho halikauki, kwa hiyo halipoozi mwili. Ndiyo sababu nyuzi 32 za Dar es Salaam mwezi Februari huchosha kuliko nyuzi hizohizo Dodoma kukiwa kukavu.

Kisha hoji kaya, lakini si saa nne asubuhi, kwani vibarua wa ujenzi na mama lishe, wanaopigwa na jua na moto kuliko wote, watakuwa kazini. Nani analala peke yake? Nani ana umri wa miaka 65 na zaidi, au mtoto mchanga? Nani anameza dawa za presha zinazokojoza, au dawa za akili, ambazo baadhi hupunguza jasho? Ndoo ya lita 20 ya maji ni bei gani bomba likikauka? Na swali ambalo fomu nyingi hulisahau: usipoonekana siku moja, nani atagonga mlango?

Kosa kubwa huja mwishoni, pale majibu yanapogeuzwa alama na kutafutiwa wastani. Mtaa wenye wastani mzuri unaweza kuwa na bibi mmoja asiyegongewa mlango na mtu yeyote. Weka alama nyumba kwa nyumba, orodha akabidhiwe mjumbe wa shina na mhudumu wa afya wa jamii kabla ya Desemba.

Makete, Njombe, ambako hatari ni baridi na si joto, orodha iwe tayari kabla ya Juni, na maswali hubadilika. Bati lililochoma mchana ndilo linalodondosha umande alfajiri. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani kusipungue nyuzi 18 msimu wa baridi, na nyumba nyingi za huko haziwezi kufika hapo bila moto. Basi usiulize “mnasikia baridi?” Uliza “jiko la mkaa linalala wapi?” Likilala chumbani mlango umefungwa, monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, huua kabla ya baridi yenyewe. Texas, Marekani, Februari 2021, umeme ulipokatika wakati wa baridi kali, hewa hiyohiyo iliua watu waliowasha jenereta, au magari ndani ya banda la gari la nyumbani, ili wapate joto. Ukijibiwa “tunalitoa nje kabla ya kulala”, omba uonyeshwe linapowekwa, na uangalie kama kuna majivu karibu na kitanda.