Fungu la pili: roboti katika hesabu za serikali

Nilipoanza kazi hii niliketi siku tatu mfululizo kando ya mama mmoja mhasibu, katika ofisi ya umma hapa Mombasa. Mezani kwake palikuwa na stetimenti ya benki iliyochapishwa, nene kama msahafu, rula ya plastiki na kalamu ya kijani. Anaweka rula chini ya mstari, anasoma kiasi, anageukia kompyuta kukitafuta kiasi hicho kwenye leja, yaani kitabu cha hesabu cha ofisi, akikiona anapiga tiki, kisha anashusha rula. Ni hivyo toka saa mbili asubuhi hadi adhana ya alasiri. Siku ya tatu akaniambia: "Mwanangu, mimi nimesomea uhasibu miaka minne. Hii rula hatukufundishwa."

Maneno yale ndiyo yaliyonifanya niishike kazi hii kwa mikono miwili. Naunda roboti za kompyuta kwa ajili ya kazi za fedha zinazojirudia, na leo nataka kueleza zinafanya nini hasa, kwa sababu kila nikiingia ofisi mpya nakuta nusu ya watu wanaziogopa na nusu nyingine wanazitarajia muujiza.

Kwanza, hakuna chuma wala mikono. Roboti ninayoizungumzia ni programu iliyoandikiwa kufanya kwenye skrini yale ambayo karani huyafanya kwa macho na vidole: kufungua mfumo, kuingia kwa jina na nywila, kupakua faili, kunakili tarakimu kutoka dirisha hili hadi lile, kuhifadhi, kwenda mstari unaofuata. Haina hekima yake yenyewe. Inafuata kanuni ulizoiandikia, zote, na zile tu. Wala si jambo la jana. Kampuni ya Blue Prism ilianzishwa Uingereza mwaka 2001, na ile inayojulikana leo kama UiPath ilianzia Bucharest, Romania, mwaka 2005. Benki na kampuni za bima zilizitumia mapema, serikali zikafuata.

Kwa nini serikali izihitaji kuliko wengine? Kwa sababu mifumo yake ilinunuliwa nyakati tofauti, na watu tofauti, kwa shida tofauti, na haizungumzi. Hapa Kenya malipo ya wizara na kaunti hupita IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali. Kodi ni iTax. Mishahara ina mfumo wake. Benki ina tovuti yake. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ada ambazo zamani zililetwa dirishani na watu wachache kwa siku sasa huingia kwa maelfu ya malipo madogo madogo, usiku na mchana, kupitia paybill, zile namba ambazo ofisi hulipwa kwa simu. Kila mfumo ni ng'ambo yake, na karani ndiye feri ya Likoni, ile inayovusha watu hapa Mombasa: anabeba tarakimu kutoka huku, anazishusha kule, anarudi kuchukua nyingine, siku nzima, bila hata moja kuongezeka thamani njiani.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe, ile ya rula. Wahasibu huiita upatanisho wa benki. Lengo lake ni kuthibitisha kwamba kila shilingi iliyoandikwa vitabuni iko benki, na kila iliyo benki imeandikwa vitabuni. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, chukua ada ya maegesho. Dereva analipa kwa simu, na mahali pa namba ya akaunti anaandika namba ya gari. Mmoja anaacha nafasi katikati, mwingine haachi. Mmoja anabonyeza herufi O mahali pa sifuri. Mwingine, kwa haraka, anaandika jina lake. Kisha fedha zote zilizoingia kwenye paybill siku ile huhamishiwa benki kwa mkupuo, kwa hiyo stetimenti inaonyesha mstari mmoja mkubwa, na leja inaonyesha malipo elfu kadhaa ambayo jumla yake yapaswa kuwa mstari huo.

Tarehe nazo zina shida yake. Aliyelipa saa sita kasoro dakika mbili usiku wa kuamkia Jumamosi amelipa Ijumaa kwa mujibu wa simu, lakini benki yaweza kumwandika Jumatatu. Faili moja inaandika siku kwanza kisha mwezi, nyingine mwezi kwanza kisha siku, na tarehe 3 Aprili inageuka kuwa tarehe 4 Machi bila mtu kushtuka. Kwenye karatasi za Excel kuna tarakimu zinazoonekana kama tarakimu kumbe kompyuta inazihesabu kuwa maneno, na ukizijumlisha unapata sifuri. Ukimsikia mhasibu analalamika kwamba hesabu zimekataa, mara nyingi ni vitu vidogo kama hivi, vimerundikana.

Roboti huanza kwa kusafisha: inaondoa nafasi, inasawazisha tarehe, inageuza maneno yawe tarakimu. Halafu inalinganisha kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni ile namba ya muamala wa M-Pesa, yenye herufi na tarakimu 10, ambayo haijirudii. Ikipatikana pande zote mbili na kiasi ni kile kile, tiki. Ngazi ya pili ni pale namba hiyo inapokosekana upande mmoja: kiasi, tarehe na namba ya gari vikilingana vyote vitatu, na pasiwepo muamala mwingine unaofanana navyo, tiki. Ngazi ya tatu haipo. Kinachobaki hurudishwa kwa binadamu.

Hapo kwenye ngazi ya tatu ndipo ninapobishana na wakubwa wa ofisi, na sijawahi kujutia ubishi huo. Asubuhi roboti huacha mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yaliyolingana, na kwa kawaida ni kubwa. Fungu la pili ni yaliyokwama, kila mstari na sababu yake: risiti haionekani, wawili wanafanana, kiasi kimepungua, inaonekana imelipwa mara mbili. Mkubwa hutazama fungu la pili na kuuliza, "Mbona haijamaliza?" Kisha hushauri tuilegeze kidogo. Tofauti ikiwa chini ya shilingi kumi ipite. Majina yakikaribiana yapite.

Fikiria kitakachotokea. Wafanyabiashara wawili wamelipa leseni ya kiasi sawa, siku moja. Mmoja ana kibanda Kongowea, mwingine ana duka Changamwe. Wa Kongowea aliandika namba vibaya. Roboti iliyolegezwa inachukua malipo yake na kuyaweka kwa wa Changamwe, kwa kuwa yalikaribiana. Jumla ya siku iko sawa hadi senti. Ripoti inapendeza. Lakini mwezi unaofuata askari wa kaunti anasimama mbele ya kibanda cha Kongowea akidai leseni ambayo mwenyewe ameshailipia, na mfumo unasema hajalipa, na mama wa watu hana pa kukata rufaa maana kompyuta imesema. Hesabu zilizolingana kwa uongo ni mbaya kuliko zisizolingana, kwa sababu zisizolingana bado zinaita mtu aje azitazame.

Kwa hiyo mimi hupima roboti ya fedha kwa fungu la pili. Je, mistari iliyomo kweli inahitaji macho ya mtu? Je, sababu iliyoandikwa inamsaidia mhasibu kuanza kutafuta, au imemwachia fumbo? Na je, kuna kilichopaswa kuwamo humo kikapenya hadi fungu la kwanza? Swali hilo la mwisho halijibiki bila kazi. Miezi ya mwanzo tunachukua sampuli ya yaliyolingana kila wiki na kuikagua kwa mkono, kwa rula ile ile.

Niliwahi kushiriki kutengeneza roboti ya kuingiza risiti kwenye leja ya ofisi moja ya umma huku Pwani. Usiku mmoja stima zikapotea katikati ya kazi. Ziliporudi, mfanyakazi wa zamu akaianzisha upya, nayo, kama ilivyoandikiwa, ikaanza tena kutoka mstari wa kwanza. Risiti mia mbili na zaidi zikaingia mara mbili. Mwezi ule makusanyo yalionekana yamepanda, na watu wakapongezana. Tuligundua mwisho wa mwezi, benki ilipokataa kukubaliana na leja. Hakuna fedha iliyoibwa, ila ripoti ilikuwa imeshapelekwa juu na ikabidi irudishwe kwa barua. Kosa halikuwa la mfanyakazi wa zamu. Lilikuwa la sisi tuliounda, kwa sababu hatukuiandikia roboti kuuliza swali moja kabla ya kila risiti: hii imeshaingizwa? Tangu siku hiyo roboti zangu zote huuliza, na huandika kwenye daftari lao la matukio baada ya kila mstari badala ya kungoja mwisho wa kundi. Ukinunua roboti kwa mtu, mwambie azime kompyuta katikati ya kazi mbele yako, kisha aiwashe. Tazama inaendelea wapi.

Kazi nyingine inayofaa sana roboti ni makato ya kodi. Shirika la serikali lililoteuliwa kuzuia sehemu ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya muuzaji, hukata asilimia 2 ya thamani ya bidhaa kabla ya kodi na kuipeleka KRA, mamlaka ya mapato. Ankara ikiwa ya shilingi 116,000, thamani ni 100,000 na VAT ni 16,000, kwa hiyo kinachozuiliwa ni 2,000. Karani aliyechoka mwisho wa Juni hupiga asilimia 2 ya jumla yote, anapata 2,320, na muuzaji anapunjwa shilingi 320. Roboti haichoki mwezi Juni.

Nasema Juni kwa makusudi. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, taarifa za fedha za kaunti zinapaswa kumfikia Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu, naye kikatiba ana miezi sita tangu mwaka kufungwa kukagua na kutoa ripoti. Ofisi iliyoacha upatanisho wa miezi kumi na miwili hadi Juni haina njia ya kuumaliza kwa rula. Faida kubwa ya roboti niliyoiona si kasi. Ni kwamba upatanisho unafanyika kila siku, na jambo la Jumanne linaulizwa Jumatano, wakati aliyelipa bado anakumbuka alichokifanya.

Kuidhinisha malipo, hata hivyo, siipi roboti. Itatayarisha vocha, itaambatisha ankara, itakagua hesabu, kisha itakaa ingoje. Katiba yetu, kifungu cha 226(5), inasema afisa wa umma anayeelekeza au kuidhinisha matumizi ya fedha kinyume cha sheria atawajibika kwa hasara na kuirudisha, awe bado yumo kazini au ameondoka. Roboti haina mfuko wa kurudishia hasara. Lazima pawe na mtu mwenye jina anayesoma na kutia idhini yake.

Jina ndilo linalonileta kwenye kosa ninalolikuta karibu kila ofisi: roboti kuingia kwenye mfumo kwa jina na nywila ya karani fulani, ati ni njia ya mkato. Mwaka 2017 shirika la NASA la Marekani lilipoanza kutumia roboti katika kituo chake cha huduma za pamoja kule Mississippi, roboti ya kwanza iliitwa George Washington. Watu hucheka jina, lakini mimi naona busara ndani yake: roboti ilijulikana kama yenyewe. Ikiazima jina la karani, siku mkaguzi akija atakuta karani ameingiza risiti mia tisa saa tisa usiku, na maskini yule alikuwa amelala kwake Kisauni. Ipewe akaunti yake, ruhusa chache kabisa, na mtu mmoja anayejulikana kuwa msimamizi wake.

Iko siku roboti itasimama tu. Benki ikibadilisha ukurasa wake wa kuingilia, kitufe kikihama kutoka kushoto kwenda kulia, inapotea. Ndiyo maana mifumo miwili ikiweza kuunganishwa moja kwa moja, iunganisheni, msinilipe mimi. Roboti ni ya pale ambapo muungano haujawezekana.

Wengi huniuliza kuhusu kazi za makarani. Siwezi kusema kwamba hakuna kitakachobadilika. Ninachosimamia ni kwamba karani anayeijua kazi awe mezani tangu siku ya kwanza, kwa sababu kanuni zote nilizoziandika nilizipata kwa watu kama yule mama. Yeye ndiye aliyenionyesha wanaoandika O mahali pa sifuri.

Bado yuko ofisini. Asubuhi anaanza na fungu la pili, na mara ya mwisho nilipompitia alikuwa na mistari thelathini na saba. Mmoja ulikuwa wa mtu aliyelipa ada ile ile mara mbili kwa dakika nne, bila shaka ujumbe wa kwanza ulichelewa. Alikuwa ameshampigia simu. "Njoo na kitambulisho, baba," alikuwa akimwambia, "tukujazie fomu ya kurudishiwa pesa zako." Rula ilikuwa imelala juu ya faili, na kalamu ya kijani alikuwa nayo mkononi.