Mshipi wa kusuka unataka meno

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kuvua kwa rili ni hili: mbona mkasi ule ule unaokata nailoni bila tabu unashindwa na mshipi wa kusuka, yaani uzi wa kuvulia uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, tena mwembamba kuliko nailoni yenyewe? Wengi hujijibu kwamba mshipi huu ni mgumu. Una nguvu kweli. Nyuzi zake ni polithini, jamaa wa ile mifuko iliyopigwa marufuku Tanzania mwaka 2019, ila hapa molekuli ni ndefu mno na zimenyooshwa zikalala upande mmoja, hata ukipima uzito kwa uzito unazidi chuma cha pua mara kadhaa. Lakini kinachosumbua mkasi si nguvu hiyo, ni utelezi. Nyuzi ni laini, hazishikiki. Makali yakizifuata zinasogea, zikikosa pa kusogea zinajikunja na kulala kati ya bapa mbili. Mkasi unafungwa, mshipi unatoka umetafunwa tu.

Ndiyo maana ukiukaza, chochote kinaukata, hata kisu kibutu cha kuparia samaki. Wauza duka wanalijua hilo. Atakuvutia kipande cha mshipi kikazike, atakigusa kwa mkasi, kitakatika, nawe utatoa pesa. Usinunue kwa jaribio hilo. Omba kipande kilicholegea, kiloweshe, kisha kikate kwa ncha ya mkasi, si kwa shina lake. Kazi yenyewe baharini ndiyo hiyo: kijincha cha uzi kilichobaki pembeni mwa fundo, kimelowa, hakina wa kukivuta, na boti inayumba.

Mkasi unaofaulu mara nyingi utaukuta na vijimeno vidogo kwenye bapa mojawapo, hata kuviona ni mpaka uugeuze kwenye mwanga. Vijimeno hivyo havikati. Vinashika uzi usikimbie, bapa la pili ndilo linakata. Kama mkasi wa namna hiyo hupati, chukua mkasi mdogo wa kawaida wenye chuma kizuri, uunoe kwa jiwe lenye chenga kubwa kidogo, na usimalizie kwa jiwe laini. Mafundi cherehani watakucheka, kwa maana wao wanataka makali yanayong'aa, lakini kwa mshipi huu makali yaliyosuguliwa yakawa kama kioo yanateleza. Mikwaruzo iliyoachwa na jiwe inafanya kazi ya meno.

Kabla hujaulaumu ubutu, tazama skrubu. Ikilegea kidogo tu, bapa zinaachana kwa nafasi ambayo nailoni nene haiwezi kupita, lakini uzi wa kusuka unapita bila wasiwasi. Mikasi mingi inayotupwa kwenye maboti ilihitaji bisibisi tu.

Kikata kucha nakiacha kwa wanaovua kwa nailoni. Kinabana na kuponda, na ncha iliyopondwa inafumuka ikawa ufagio. Jaribu basi kuipitisha kwenye pete ndogo za juu ya fimbo, jua likiwa la saa saba. Mkasi wa seramiki unakata vizuri na haujui kutu, ila ukiudondosha kwenye sakafu ya boti unaweza kumeguka, na sijaona boti ambayo vitu havidondoki.

Plaizi ni habari nyingine. Ukivua kolekole wakubwa au jodari kule Fungu Kizimkazi, kusini-mashariki ya Unguja, utaihitaji kwa vyovyote, kwa kufungulia pete za chuma na kutoa ndoana mdomoni. Nyingi zina kikatio cha pembeni, na zile zenye kikatio cha tangsteni kabaidi hukata mshipi mnene vizuri. Ugomvi wangu nazo ni pale kikatio hicho hicho kinapotumika kukatia waya wa nguru, ule unaofungwa mbele ya ndoana ili meno ya samaki yasikate mshipi. Waya unaacha pengo dogo kwenye makali, na uzi wa kusuka utalitafuta pengo hilo kila mara. Waya uwe na kikatio chake. Vivyo hivyo mkasi wa mshipi usikate chambo wala plastiki za vifungashio.

Kiberiti, hapana. Najua wanaochoma ncha ili isifumuke, na kwenye ncha ndefu iliyo mbali na fundo hakina madhara makubwa. Hatari iko kwenye fundo la FG, la kuunganishia mishipi miwili, ambapo mshipi wa kusuka umejizungusha juu ya nailoni nene ya mbele. Watu hupenda kuchoma ncha ya nailoni ipate kichwa. Nailoni inayeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 200, wakati polithini hii imeshayeyuka karibu na 150. Kwa hiyo nailoni inapoanza kutoa kichwa, mizunguko iliyo jirani yake inaweza kuwa imeshaungua, na kwa macho huoni kitu. Utakiona samaki akishika. Ncha ya nailoni ikate kwa plaizi karibu kabisa na fundo, ile ya kusuka iache milimita mbili hivi, basi.

Kuhusu kutu nisiwe mrefu. Chuma cha pua nacho huliwa na chumvi, hasa pale bapa mbili zinapokutana kwenye skrubu. Osha kwa maji baridi, ufungue na kufunga mkasi ukiwa ndani ya maji, kausha, tia tone la mafuta. Na ufunge kwa kamba kwenye mkanda wako. Mkasi ulio kwenye sanduku la zana haukusaidii mshipi unapokaza kwenye kidole cha mtu.

Vipande unavyokata vitie mfukoni. Havizami, vinaelea, na polithini haiozi. Kasa ananaswa navyo, na hata kama huna huruma na kasa, fikiria mashine yako: uzi ukijisokota nyuma ya propela unaingia ndani, unakata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie, mafuta ya giaboksi yanatoka na maji ya chumvi yanaingia. Ukishuku umepita juu ya mshipi, zima mashine, inua, vua propela, na uutoe uzi kwa ncha ya mkasi kidogo kidogo. Usiingize kisu hapo. Kitaikwaruza sili uliyotaka kuiokoa.