Har-Magedoni ni mahali, na vigae vyake havibebwi tu

Kila vita ikipamba moto huko duniani, sisi wa malikale, yaani vitu na magofu ya kale, tunaulizwa kama ndo Har-Magedoni yenyewe, na siku hizi wameongezeka wanaotuonyesha vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, walivyouziwa kwenye safari za hija eti vimetoka hukohuko. Kwa hiyo tuliweke wazi.

Kwenye Biblia neno hili limetajwa mara moja tu, Ufunuo 16:16, na hapo ni jina la mahali wafalme wanapokusanywa. Har ni mlima kwa Kiebrania, na Magedoni wataalamu wengi wanaisoma kuwa ni Megido. Maana ya pambano la mwisho la kumaliza kila kitu imekuja baadaye, ikaingia hadi kwenye siasa na mpira, na hatuna ugomvi na hilo, lakini kuambiana kwamba andiko limesema Har-Magedoni ni jina la vita, hapana jamani, fungueni msome.

Mlima mrefu pia hakuna. Megido ni kilima cha magofu kaskazini mwa Israeli, mji juu ya mji, tabaka zaidi ya 20, na kimekaa palepale njia ya zamani ya kutoka Misri kwenda Shamu (Siria) inapotokeza kwenye bonde la Yezreeli. Aliyeshika Megido ameshika njia, ndo maana watu wamepigana hapo tangu enzi na enzi. Karne ya 15 KK makamanda wa Farao Thutmose III walimsihi asipite ile njia nyembamba ya katikati maana farasi watafuatana mmojammoja, akagoma akapita hapohapo, kumbe adui, yaani wafalme wa Kanaani walioungana dhidi yake, anamsubiri kwingine. Akashinda, ila askari wake wakaanza kupora kambi badala ya kuukimbilia mji, milango ikafungwa, wakubwa wa adui wakavutwa juu ya ukuta kwa nguo zao, na mji ukazingirwa miezi 7 ndo ukasalimu amri. Mengi ya hayo yamechongwa kwenye kuta za hekalu la Karnak huko Misri. Mfalme Yosia wa Yuda naye aliuawa Megido na Farao Neko, na 1918 Jenerali Allenby wa Uingereza akalivunja jeshi la Waturuki pande hizohizo.

Sasa vigae. Kwa sheria ya malikale ya Israeli ya 1978, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1700 ni malikale, na kikigunduliwa baada ya sheria hiyo kuanza ni mali ya serikali. Ukiokota unatoa taarifa ndani ya siku 15, huweki mfukoni. Muuzaji lazima awe na leseni. Kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali cha mamlaka ya malikale, na risiti ya duka SI kibali, hili tunalirudia kila siku. Kuharibu malikale kwa makusudi ni kosa la jinai, unaweza kufungwa. Aliyekuuzia akisema kibali hakihitajiki, mwachie kigae chake.