Kugeuza shavu la pili si kunyamazia uovu

Waumini wengi hudhani kwamba kumfuata Yesu, aliyefundisha kugeuza shavu la pili (Mathayo 5:39), ni kunyamaza kila unapoonewa, na ushauri huo hupewa hata mke anayepigwa nyumbani, jambo linaloniumiza sana. Yesu mwenyewe hakunyamaza. Alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, kama tusomavyo katika Yohana 18:22-23, hakurudisha pigo, ila alimtaka mtumishi aliyempiga aoneshe ubaya uliokuwa katika maneno yake, na kama haukuwepo, aeleze kwa nini amempiga. Alichokataza ni kisasi. Mke huyo anapokwenda kwa mchungaji au polisi kueleza yaliyompata, halipizi kisasi. Anauliza swali lilelile.