"Ni Nzito, Kwa Hiyo Ni Bora": Dhana Potofu Kuhusu Roboti Geuzi za Kampuni za Pembeni

"Ipokee kwanza, usikie uzito wake." Hayo ndiyo maneno ambayo mteja huniambia anaponikabidhi roboti aliyotoka kuinunua, na nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri nilieleze jambo hili mara moja kwa kirefu. Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza roboti geuzi za wakusanyaji, yaani midoli ya roboti inayogeuzwa kuwa gari na kurudi, na nyingi zinazopita mezani kwangu ni za kampuni za pembeni, zile zinazobuni na kuuza roboti zenye sura za wahusika wa Transformers bila leseni ya Hasbro wala ya Takara Tomy, kampuni zinazomiliki Transformers. Roboti hizi ni ghali, huagizwa miezi mingi kabla ya kutoka, na kasoro ikijitokeza mnunuzi mara nyingi hana mlango wa kubisha. Ndiyo maana inaniuma kumwona mtu akitoa fedha nyingi kwa kutegemea kipimo kisichopima chochote.

Asili ya dhana hii, kwamba roboti nzito ndiyo bora, inaeleweka. Midoli ya Diaclone na Micro Change ya kampuni ya Takara ya Japani, ambayo Hasbro iliichukua na kuiuza kwa jina la Transformers kuanzia mwaka 1984, mingi ilikuwa na vipande vya chuma, na waliokua nayo hawajausahau ubaridi wake kiganjani. Takara ilipoanzisha Masterpiece, safu yake ya roboti za wakusanyaji, mwaka 2003, toleo la kwanza, MP-01 la mhusika Optimus Prime, nalo lilikuwa na chuma kingi. Kampuni za pembeni zinaijua kumbukumbu hiyo na zinaiuza: baadhi yake hutangaza chuma kabla ya kutangaza jambo lingine lolote. Hata hivyo, MP-10 ilipotoka mwaka 2011, ikiwa ni mhusika yuleyule katika umbo dogo zaidi na kwa sehemu kubwa la plastiki, wakusanyaji wengi waliipenda kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ilishikika, ilikaa mkao na iligeuka bila kugombana na mikono.

Chuma kinachozungumzwa hapa, tena, ni aloi ya zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Sentimita moja ya ujazo ya aloi hiyo ina takriban gramu 6.6, ilhali ya plastiki ya ABS, ambayo ndiyo mwili wa roboti nyingi, ina takriban gramu 1.05. Kipande kilekile kikitengenezwa kwa zinki badala ya ABS, uzito wake hupanda zaidi ya mara 6 ingawa ukubwa wake haukubadilika. Uzito huo lazima ubebwe na kitu, na kitu hicho ni kiungo kilicho chini yake. Kifua hubebwa na kiuno, kiuno hubebwa na nyonga, nyonga hubebwa na magoti, na mwisho wa yote mzigo mzima hutua juu ya vifundo viwili vya miguu ambavyo katika roboti nyingi havizidi ukubwa wa ncha ya kidole. Kadiri chuma kinavyowekwa juu zaidi, ndivyo kifundo kinavyopindwa kwa nguvu zaidi kila roboti inapoinama kidogo.

Roboti aliyoniletea mteja wangu wa hivi karibuni ilikuwa na kifua na mapaja ya chuma. Niliisimamisha juu ya kioo, miguu ikiwa imeachana kidogo na mkono mmoja umenyooshwa mbele. Baada ya dakika chache kifundo cha kushoto kilianza kuachia taratibu, goti likafuata, na roboti ikaenda mbele kama mtu anayesinzia kwenye kiti. Nilipofungua skrubu za mguu nilikuta kiungo cha meno, yaani kile kinachokunjika hatua kwa hatua kwa mlio, chenye gurudumu la plastiki laini. Meno mawili yalikuwa yamesagika kwenye ncha, na unga wake umechanganyika na grisi ukawa kama uji. Mteja aliniambia kwamba alikuwa ameigeuza mara nne tu. Chuma kilikuwa kimewekwa mahali ambapo mnunuzi anakigusa, na plastiki hafifu ikaachwa mahali ambapo kazi inafanyika. Mbunifu aliyepanga hivyo alimfikiria mtu wa kuipakata roboti, hakumfikiria mtu wa kuigeuza.

Sisemi kwamba chuma hakina kazi. Katika nyayo kinasaidia sana, kwa kuwa kinashusha uzito chini na kuifanya roboti itulie. Katika pini, katika magurudumu madogo ya meno na katika mhimili wa nyonga ni mahali pake halali. Mahali pengine pote ningependa kuona plastiki nzuri, na katika viungo vyenyewe ningependa POM, plastiki ngumu na yenye utelezi ambayo haisagiki upesi. Chuma kilichopakwa rangi kina tatizo jingine: hakina rangi yake, kwa hiyo kona ikigongana na kipande kingine wakati wa kugeuza, rangi hubanduka na kijivu cha zinki hujitokeza, wakati ABS iliyotiwa rangi tangu kwenye kalibu huonyesha mkwaruzo wa rangi ileile.

Kwa hiyo anayetaka kujua ubora wa roboti aiweke mizani pembeni na afanye haya. Aishike kiunoni, aipindue kichwa chini na kuitikisa kidogo, kisha aangalie ni kipande gani kinaning'inia. Akunje kila kiungo cha meno na asikilize: mlio unapaswa kuwa mmoja na wazi katika kila hatua, si mkwaruzo mrefu. Aisimamishe saa nzima katika mkao wenye mzigo, si wima kama askari wa gwaride. Kisha aigeuze angalau mara tano kwenda na kurudi, na baada ya kila mara aangalie vishikizo vinavyofunga umbo la gari: je, bado vinaingia kwa kubana, au milango imeanza kufumuka? Roboti ambayo umbo lake la gari hufunga sawasawa safari ya tano kama ilivyofunga safari ya kwanza ilibuniwa na mtu aliyejua kazi, hata kama ni nyepesi kiasi gani.

Ndugu wa dhana hiyo ni ile isemayo kwamba kiungo kigumu ndicho kiungo imara. Ugumu wa kiungo kipya mara nyingi ni unene wa rangi au pini iliyopigiliwa kwa nguvu kupita kiasi, na anayelazimisha atasikia sauti ambayo hataisahau. Hatari zaidi ni pini iliyopita ndani ya plastiki angavu, kama ile ya vioo vya gari, kwa sababu plastiki hiyo haipindi bali hupasuka. Ukiona mstari mweupe, hata mwembamba kama unywele, kando ya pini, acha papo hapo. Huo ni mkazo unaotafuta pa kutokea. Tia tone la mafuta ya silikoni, subiri, kisha usogeze kidogo kidogo, na kamwe usitumie mafuta ya kulegeza nati zilizoshika kutu, kwa kuwa yana viyeyushi visivyofaa kwa plastiki. Kiungo kilicholegea nacho hakijafa. Nawasihi wateja wasikimbilie supa gluu: kwanza kaza skrubu, na kama hapana skrubu, paka ndani ya kiungo tabaka jembamba la polishi angavu ya sakafu ya akriliki iliyotengenezwa kwa maji, iache ikauke usiku kucha huku ukiwa umekitenganisha kiungo, kisha rudia ikibidi. Hii ndiyo dawa yangu ya miaka yote, na sijaona iliyoishinda.

Wapo wanaosema kwamba kila roboti ya kampuni ya pembeni ni feki. Hapana. Feki ni nakala ya kalibu ya mtu mwingine, wakati kampuni kama FansProject, MakeToys au Fans Toys zimebuni uhandisi wao tangu mwanzo. Suala la leseni ni halali na kila mmoja ana dhamiri yake, lakini halina uhusiano na kama goti litashika.

Wengine huamini picha za tangazo. Nyingi ni michoro ya kompyuta, na nyingine ni za sampuli iliyopakwa rangi kwa mkono. Ngoja picha za roboti iliyotoka kiwandani, ikiwa mikononi mwa mnunuzi.

Tena wapo wanaodhani kwamba hatua nyingi za kugeuza ni ishara ya ubunifu. Hatua 50 zinazoacha furushi la vipande vya gari mgongoni mwa roboti ni ubunifu ulioshindwa.

Dhana ya mwisho inanihuzunisha, maana hasara yake haina tiba: kwamba roboti ihifadhiwe katika kisanduku bila kufunguliwa ili isipoteze thamani. Nimefungua visanduku vilivyokaa miaka nikakuta mikono miwili ya kushoto, na muuzaji alikuwa ameshafunga muda wa kupokea malalamiko. Zaidi ya hayo, tairi za PVC laini zikibanwa dhidi ya plastiki nyingine kwa muda mrefu, hasa katika joto kama la pwani yetu, kilainishi hutoka ndani ya PVC na kuila plastiki inayogusana nayo, na alama hiyo haifutiki. Fungua kisanduku siku kinapofika, hesabu vipande kwa kufuata kijitabu, linganisha mkono wa kulia na wa kushoto, geuza mara moja kwa utulivu, piga picha za kila kasoro na umwandikie muuzaji siku hiyohiyo.