Badilisha Funguo Bila Kung'oa Kitasa

Anayehamia nyumba hukabidhiwa funguo mbili au tatu kwenye pete, akaambiwa "hizi ndizo zote", naye akazipokea bila kuuliza zaidi. Huenda anayezitoa anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Lakini hajui kama mpangaji aliyetangulia alimchongea ndugu yake ufunguo, kama fundi rangi alirudisha ule aliopewa, au kama msaidizi wa nyumbani aliyeacha kazi zamani aliondoka na wake. Ufunguo wa kawaida huchongwa kwa dakika chache tu, na ule uliotolewa nakala haubaki na alama yoyote ya kuonyesha kwamba umenakiliwa. Ndiyo maana kurudishiwa ufunguo hakuthibitishi kwamba hakuna nakala mahali pengine. Katika kazi yetu ya kuelimisha watu kuhusu usalama wa makazi, hili ndilo jambo ambalo wengi huwa hawajalifikiria hadi siku mlango unapokutwa wazi na kitasa hakijavunjwa.

Likishatokea, mara nyingi watu huona njia mbili tu: kuvumilia, au kung'oa kitasa na kununua kingine. Ipo njia ya tatu, nayo kwa kawaida ni nafuu zaidi. Kitasa kinabaki palepale mlangoni, zinabadilishwa pini zilizo ndani yake, na kuanzia hapo kinatii ufunguo mpya peke yake. Funguo zote za zamani, ziwe mfukoni mwa nani, zinakuwa vipande vya chuma tu.

Inafaa kuelewa jinsi inavyowezekana, maana anayeelewa hadanganywi na fundi. Vitasa vingi vya milango ya nyumba leo ni vya silinda yenye pini. Mtindo huu ulipatiwa hataza nchini Marekani katika miaka ya 1840 na Linus Yale, kisha mwanawe mwenye jina hilohilo akauboresha katika miaka ya 1860 kwa ufunguo mdogo bapa unaofanana na huu tulionao leo. Ndani ya silinda kuna kiini, ile sehemu unayochomeka ufunguo na inayozunguka. Juu ya njia ya ufunguo kuna safu ya vishimo, kwa kawaida vitano au sita, na katika kila kishimo zimepangwa pini mbili, moja juu ya nyingine, zikisukumwa na springi kutoka juu. Ufunguo usipokuwemo, pini za juu hulala nusu ndani ya kiini na nusu nje yake, nazo ndizo zinazokizuia kisizunguke. Ufunguo sahihi ukiingia, mikato yake huinua kila jozi kwa kiasi chake hadi maungio ya pini ya juu na ya chini yaangukie sawasawa kwenye mpaka wa kiini. Hapo kiini kinakuwa huru. Jozi moja tu ikipishana na mpaka huo kwa sehemu ndogo ya milimita, kitasa hakifunguki.

Basi fundi anachofanya ni kukitoa kiini, kumwaga pini za chini, na kuweka nyingine zenye urefu unaolingana na mikato ya ufunguo mpya. Hukisukuma kiini kwa kijiti cha mviringo chenye unene uleule, ili kijiti kichukue nafasi yake na kuzizuia pini za juu na springi zisiruke. Kiini kikiwa mkononi, huchomeka ufunguo mpya na kupanga pini mpya moja moja. Kabla hajakirudisha, mwombe akuonyeshe. Pini zote zinatakiwa ziwe sawa na mgongo wa kiini, na ukipitisha kidole juu yake usihisi iliyochomoza wala iliyozama.

Hapo ndipo kazi nzuri inapojitenga na kazi ya kulipua. Fundi asiye na seti kamili ya pini anaweza kupiga tupa zile zilizochomoza hadi ziwe sawa na kiini. Ufunguo mpya utafanya kazi siku hiyo, ila kiini kimekwaruzwa na kitasa kitaanza kukwama mapema. Wengine huacha vishimo viwili au vitatu vitupu kwa sababu hawana pini za saizi hiyo. Kwa macho huwezi kugundua, kwani mlango unafunga na kufungua vizuri tu, lakini umebaki na kitasa ambacho funguo nyingi zaidi za watu wengine zinaweza kukifungua. Hesabu pini zinazotoka na zinazorudi. Fundi mwaminifu hataudhika.

Kuna milango ambayo huhitaji hata kumwita fundi. Ukifungua mlango na kutazama ubavu wake, chini ya ulimi wa kitasa, ukaona skrubu moja ndefu iliyoelekea kwenye silinda, basi silinda nzima inatoka kama ilivyo. Fungua skrubu hiyo, chomeka ufunguo na uuzungushe kidogo mpaka kijino cha katikati ya silinda kilale sawa na mwili wake, kisha ivute itoke. Kabla ya kwenda dukani, pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi ncha ya nje, halafu hadi ncha ya ndani, maana pande hizo mara nyingi hazilingani. Silinda mpya isichomoze nje ya bamba la mlango kwa zaidi ya milimita 3. Inayochomoza sana ni rahisi kushikwa kwa koleo na kuvunjwa, na huvunjikia pale kwenye tundu la skrubu ambapo chuma ni chembamba zaidi.

Vitasa vya ufunguo mrefu wenye meno kwenye ncha ni habari nyingine. Ndani yake hakuna pini bali vibapa vinavyoinuliwa, na ingawa baadhi vinaweza kupangwa upya, mara nyingi ni afadhali kununua kitasa kipya chenye vipimo vilevile ili mlango usichimbwe tena. Kufuli nyingi za bei ndogo pia hazifunguliwi kwa matengenezo, zibadilishe.

Mwenye milango kadhaa anaweza kuomba yote ipangwe ifunguke kwa ufunguo mmoja. Kwa familia ya kawaida huo ndio mpangilio ninaoupendekeza. Ni tofauti na mfumo wa ufunguo mkuu, ambao kila chumba kina ufunguo wake na upo mmoja unaofungua vyote. Ili huo uwezekane, katika vishimo huongezwa vipande vyembamba kati ya pini ya juu na ya chini, na kwa hiyo kila kitasa kinakubali funguo zaidi ya moja. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Matt Blaze, alionyesha hadharani kwamba aliye na ufunguo wa chumba kimoja tu katika mfumo wa kawaida wa aina hiyo anaweza kuugundua ufunguo mkuu kwa kujaribu funguo chache alizochonga kwa mpangilio. Wenye hosteli na majengo ya wapangaji wengi wanapaswa kulijua hilo kabla ya kuuweka mfumo huo kwa ajili ya urahisi.

Sasa, ni wakati gani wa kubadilisha? Ukihamia, hata kama nyumba ni mpya, kwa sababu funguo zake zimepita mikononi mwa mafundi wengi. Ujenzi au ukarabati ukikamilika. Mpangaji, mfanyakazi au mtu mliyekuwa mkiishi pamoja akiondoka, hata kama mmeachana vizuri. Ukiibiwa mkoba uliokuwa na funguo pamoja na karatasi au kitambulisho kinachoonyesha unapoishi, usisubiri kesho. Ufunguo usio na alama yoyote ukidondoka mbali na nyumbani unaweza kujipa siku chache. Na kuna jambo ambalo vijana hasa walisikie: usipige picha ya ufunguo wa nyumba mpya ukaiweka mtandaoni. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba programu ya kompyuta inaweza kusoma mikato ya ufunguo kutoka kwenye picha, hata iliyopigwa kutoka umbali wa takriban mita 60, na nakala ikachongwa.

Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kwanza na wakubaliane kwa maandishi, ikiwemo nani atabaki na ufunguo wa dharura. Mwenye nyumba naye asiugeuze mpango huu kuwa njia ya kumfungia mtu nje kwa sababu ya kodi. Kumtoa mpangaji kuna taratibu zake za kisheria. Kwa anayekimbia ukatili wa mwenza mwenye haki pia katika nyumba hiyo, ninasihi usifanye hili peke yako. Watafute polisi au watoa msaada wa kisheria, wakusaidie kupata amri ya ulinzi. Kitasa pekee hakitamzuia mtu anayedai pale ni kwake.

Baada ya kubadilisha, andika mahali salama idadi ya funguo, nani kapewa na tarehe. Maneno "usichonge nakala" yaliyogongwa kwenye ufunguo mara nyingi hayamzuii mchongaji. Kinachosaidia kweli ni silinda ambayo funguo tupu zake haziuzwi ovyo na nakala hutolewa tu kwa anayeonyesha kadi iliyotolewa pamoja na silinda hiyo. Gharama yake iko juu, lakini kwa nyumba inayoingiwa na watu wengi naiona inastahili. Wanaotumia vitasa vya namba wafute namba ya kila anayeondoka siku hiyohiyo, na wasisahau kuibadilisha namba ambayo kitasa kilikuja nayo kutoka kiwandani.

Majaribio yafanyike mlango ukiwa wazi, usije ukajifungia nje. Zungusha kila ufunguo mpya pande zote mbili, kisha chomeka wa zamani: kama zilibadilishwa pini tu, utaingia hadi mwisho, kwa kuwa umbo la njia halijabadilika, ila usizunguke hata kidogo. Na ikiwa unanunua silinda mpya, fikiria kuchukua ile inayofungwa kwa kitufe cha kuzungusha upande wa ndani, mradi hakuna kioo karibu ambacho mtu anaweza kukivunja akaingiza mkono. Usiku moto ukizuka na moshi ukajaa, aliye ndani hatakuwa na haja ya kupapasa akitafuta ufunguo. Ukibaki na silinda ya ufunguo pande zote mbili, ufunguo mmoja ukae karibu na mlango, mahali ambapo kila mwanafamilia anapajua na mtu wa nje hawezi kupafikia.